Saa Ikishindwa Kujipima

Damu ya fundi Chande ilikuwa haijakauka kwenye mashine ya kukunja mabati. Asubuhi ile saa iliyomo ndani ya kompyuta ya mashine ilishindwa kujipima kama inakwenda sawa, programu ikakisia muda, na chuma kikamshukia Chande kabla hajatoa mkono.

Hadiya, mtunza programu, alizifuta njia zote za kubahatisha: jaribu tena, tumia kipimo cha jana, kisia. Akabakiza amri moja tu. Saa ikishindwa kujipima, mashine isimame.

Ilipowashwa, saa ikashindwa tena, na mashine ikasimama.

Mwenye kiwanda, Bwana Mbaruku, akamkaba Hadiya koo na kumbamiza ukutani. "Rudisha ilivyokuwa! Wateja wananisubiri!"

"Sirudishi," Hadiya akasema, damu ikimchuruzika mdomoni. "Labda uweke mkono wako wewe, bosi."

Mbaruku akamzaba kibao, akaokota nondo na kuiinua juu ya kichwa cha Hadiya. "Nasema rudisha!"

Hadiya hakujikinga. Nyuma ya Mbaruku wafanyakazi walikuwa wameanza kumsogelea bosi wao, kimya kimya, nyundo zao zikiwa bado mikononi.