Mapigo Tisini na Sita

Mzee Kibwana hakuwa na mfuko wa nyongo, hakuwa na magego, hakuwa na nywele za kuchana, wala hakuwahi kuupandisha moyo wa mkewe kupita mapigo sitini na mawili kwa dakika. Hilo la mwisho alilijua kwa sababu sheria ilimtaka kila mwenye ndoa avae bangili inayoonyesha mapigo ya mwenzake.

Siku Fundi Sefu alipokuja kuziba bomba la jikoni, bangili ilisoma tisini na sita.

"Hiyo ni adrenalini, Mama Shemsa," mzee alimwambia mkewe baada ya fundi kuondoka. "Hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, ikaukimbiza moyo. Mimi nimesoma."

"Basi figo zangu zimecheka, Baba Shemsa! Yule ana vichekesho. Kwako wewe moyo unatulia. Huoni kwamba hiyo ndiyo raha?"

"Hata maiti ametulia."

Mama Shemsa akaangua kicheko, bangili ikapanda hadi mia moja na nne, lakini mzee alikuwa ameshainama kuiandikia Ofisi ya Ndoa ombi ambalo sheria ilimruhusu: adrenalini ya mkewe ipunguzwe, maisha yake yote.

Huku Mama Shemsa bado anacheka, mzee akailamba bahasha, akaifunga, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.