Bima ya Friji

Viatu vya fundi vilikuwa mlangoni tena.

Sufian aliviona akiwa bado kwenye ngazi, mfuko wa sampuli za jinzi begani. Siku nzima alikuwa Xintang akizunguka viwandani. Hapo ngazini alikuwa amepishana na wapagazi wawili wa Kichina, kamba mabegani, wanatweta. Hakuwauliza kitu. Alikuwa na lake.

Akavua viatu, akaketi sebuleni. Koleo na nyundo zilisikika jikoni, na jirani yao Swalha alikuwa amekaa mlangoni pa jiko kwa heshima ya nyumba, kajiziba mdomo kwa mtandio kama anayezuia chafya. Sufian hakuingia. Yeye ni mtoto wa Mkunazini, Unguja, kalelewa na mama, mashangazi na dada watano, na tangu azaliwe hajui sufuria hukaa wapi. Hata hapa Guangzhou, mwaka huu wa tisini na nane, katika fleti ya kupanga ambayo ndege za uwanja wa Baiyun nusura zikwaruze paa lake, jikoni kulikuwa kwa mkewe, basi.

Mkewe, Mwanakhamis, akamletea juisi ya ukwaju. Ilikuwa baridi ya kutia meno ganzi. Sufian akaimaliza yote, ndipo akauliza leo kimeharibika nini.

"Friji," akajibu.

"Tena?"

"Tena, baba Ilham. Si unajua vitu vya kupanga."

Haya ndiyo aliyoyataka Mwanakhamis mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka alikuja kijana wa karakana ya mtaani, tai shingoni, akinadi bima ya nyumba. Unalipa mara moja kwa mwaka, na friji, feni, hita ya maji, chochote kitakachogoma ndani ya mlango huu, fundi anakuja kutengeneza bure, hata mara mia. Sufian alikataa palepale. Kulipia balaa ambalo halijaja, alisema, ni kamari, na kamari ni haramu. Isitoshe friji la mwenye nyumba lilikuwa zima, linanguruma usiku na mchana.

Mwanakhamis alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Kamari ni ya asiyejua," akasema. "Mimi najua friji litaharibika."

Akalipa kwa pesa zake.

Na hizo pesa zake ndizo zilizomnyima Sufian usingizi. Mwanakhamis alikuwa ameuza bangili zake za harusi ili safari hii naye afanye biashara. Kontena lilikuwa lao wawili, nusu jinzi za Sufian, nusu mali ya mkewe. Meli ilikuwa karibu, na kwenye ile nusu ya Mwanakhamis hakukuwa na hata kijiko. Kila asubuhi alijifunga mtandio, akashuka, akazurura vichochoro vya Sanyuanli akisalimiana na wanunuzi wa vyuma chakavu utadhani ni jamaa zake, na adhuhuri akarudi mikono mitupu. Ukimuuliza mali iko wapi, anakwambia inakuja. Sufian alikwisha kuiona aibu kwa macho yake: kontena linafunguliwa Unguja, mashemeji wamesimama, mama mkwe yupo, na upande mmoja umejaa hewa. Na bangili zile alizinunua huyo huyo mama mkwe.

Fundi Liang akatoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mzee mchangamfu. Karakana ilimlipa kwa kila kazi, na mwaka huo alikuwa amenenepa. Sufian, kwa Kichina chake cha kubahatisha, akamwomba radhi kwa usumbufu. Liang akacheka, akanyoosha dole gumba kuelekea jikoni, akasema laoban wa nyumba hii, bosi mwenyewe, ni yule mama. Sufian akajua anadhihakiwa. Bosi gani asiye na bidhaa?

Swahibu yake Abass, wakala wa mizigo, alipohadithiwa alijitahidi sana asicheke. Akamshauri asome Yasini mle jikoni, pengine mna jini asiyependa baridi. Sufian akaisoma kweli, kwa unyenyekevu, ila aliisomea sebuleni. Wiki iliyofuata viatu vya fundi vikaonekana tena mlangoni.

Siku ya kupakia ikafika, kontena likawekwa uwanjani kwa Abass. Jinzi ziliingia mapema, robota juu ya robota, mpaka kwenye mstari wa chaki katikati ya kontena. Sufian akabaki anautazama ule upande mtupu. Hasira zilikuwa zimemwisha, amebaki na huruma tu, kwa maana alimpenda mkewe, hilo halikuwa na mjadala. Usiku alikuwa ameshapanga la kufanya. Abass angetia mizigo yake pale, na nyumbani wangesema mali ya Mwanakhamis imechelewa kiwandani. Nani angejua?

Akamgeukia mkewe, aliyesimama kando. "Mama Ilham, usiumie. Biashara ndivyo ilivyo. Bangili nitakununulia nyingine, na kwa mama nitasema mimi."

Mwanakhamis akamtazama kwa mapenzi ya kweli, mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akapunga mkono kuelekea ghala ya Abass. Roli likaja kinyumenyume, turubai likavutwa, na wapagazi wakaanza kushusha mafriji: meupe, ya kijani, ya kahawia, makubwa kwa madogo, yamesafishwa yanang'aa, kila moja lina stika ya karakana ya fundi Liang mlangoni.

"Waambie wayapange wima, yote ni mazima," akasema Mwanakhamis. "La mwenye nyumba nimeliacha jikoni, baba Ilham. Lile halijawahi kuharibika hata siku moja."