Kabla na Baada ya Kunyonya

"Usimbadilishe nepi," Raili alisema. "Hata ikinuka, mwache nayo."

Kendra Niemi aliirudisha nepi safi kwenye mkoba. Sheria hiyo aliijua, alikuwa ameisahau tu, kama alivyosahau kuvaa soksi siku hiyo ya theluji. Mtoto hupimwa kabla ya kunyonya, akanyonya, akapimwa tena akiwa na nguo zilezile na nepi ileile. Mizani hupiga hesabu yenyewe, na tofauti inayoonyesha ndiyo maziwa yaliyoingia tumboni.

Ukumbi wa chini wa kanisa ulikuwa na joto na harufu ya mkate wa iliki. Kila Alhamisi akina mama wa mtaa huo wa mji wa Thunder Bay, Kanada, walikuja hapo na watoto wao wachanga, na Raili Hakala, mshauri wao wa unyonyeshaji, akawapokea. Wengi walifuata kahawa na umbea. Kendra alifuata mizani.

"Mimi nikikohoa tu maziwa yanamwagika," alisema Bonnie, mama wa mapacha, mkate mdomoni. "Ningekugawia, shoga yangu, ila hawa wezi wangu wawili watanishtaki."

Kendra alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Bonnie akameza mkate wake, akawageukia wanawe.

Otto, mtoto wa Kendra, akapimwa, kisha mama yake akaketi naye kwenye kiti cha pembeni. Raili alipiga magoti mbele yao, akasukuma mto chini ya kiwiko cha mama, akangoja mtoto apanue kinywa. Otto akanasa titi. Wiki za kwanza alikuwa akiteleza na kulia, na mizani ikionyesha kidogo cha kusikitisha. Tangu hapo Kendra alikuwa amefanya kila alichoambiwa, mashine ya kukamua asubuhi na jioni, uji wa shayiri, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Alikuwa ameapa kunyonyesha miezi sita bila tone la maziwa ya kopo. Hata mwezi wa pili ulikuwa haujatimia.

"Unajisikiaje?" Raili aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijisikii chochote, Mama Raili. Nanyonyesha, nakamua, naosha mashine. Akilia nasikia kama redio ya jirani."

Raili hakushangaa, na hilo ndilo lililomuuma. Juzi Joel, mume wa Kendra, alikuwa amempigia simu. Alikuwa amerudi kutoka kazini akamkuta mkewe amekaa kwenye ngazi za nje bila koti, theluji imemjaa mapajani, mtoto anapiga kelele ndani. Alipomuuliza anafanya nini, Kendra alijibu kwamba anamngoja mtoto amalize kulia.

"Na zile dawa za huzuni alizokupa daktari?" Raili aliuliza.

"Ziko kwenye droo."

"Si alikwambia hazimdhuru mtoto? Hata mimi nilikwambia."

"Nikimaliza kunyonyesha nitazimeza."

"Kendra, mwanangu, umechoka. Unaweza kuacha. Nani atakusema?"

"Kuchoka si sababu. Dada yangu alichoka, na alinyonyesha watatu." Alisema bila hasira, macho yake kwenye kidirisha kilichozibwa na theluji. "Kama maziwa yapo, naendelea. Kama hayapo, basi, kosa si langu, nitaacha leo hii. Mizani iseme."

"Na ukiendelea?"

Kendra alifikiri kidogo. "Kuna zile ngazi," alisema. "Pale ni kimya."

Raili aliunyoosha mto chini ya kiwiko cha Kendra. Miaka yote ya kazi ile hakuwahi kumwachisha mama kunyonyesha. Wenzake walimtania kwamba angeweza kukamua hata jiwe, na utani huo ulimpendeza kuliko sifa.

Otto aliliachia titi mwenyewe. Ngumi zake zilikuwa zimefunguka, shingo imelegea. Raili alimchukua, akavuka naye ukumbi, akamlaza kwenye mizani. Kendra hakusogea. Hakutaka kuona, alitaka kuambiwa.

Raili aliinama juu ya kioo cha mizani, akakitazama muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi.

"Vipi?" Kendra aliuliza.

"Hakuna kitu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Umefanya yote. Mwili ndio umekataa, si wewe."

Kendra alianza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, na Raili alifurahi kuyaona machozi hayo kwa sababu hakuwahi kuyaona kabla. Bonnie aliacha mapacha kwenye mkeka akaja kumkumbatia, na safari hii hakuwa na mzaha wowote.

"Joel ananingoja garini," Kendra alisema alipotulia. "Tutapitia dukani kununua maziwa ya kopo."

"Na dawa?"

"Nitaanza leo. Si nimemaliza?"

"Umemaliza," Raili alisema. Akamfunga koti mpaka shingoni kama anavyofungwa mtoto wa shule, akampa Otto, akamsindikiza hadi mlangoni.

Aliporudi, Bonnie alikuwa akitikisa kichwa. "Masikini. Na alivyojitahidi."

Raili alikuwa anaisugua mizani kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Ilikuwa imeonyesha gramu tisini na nane. Tangu baridi ianze, hakuna mtoto aliyetoka ukumbini mle na maziwa mengi namna ile tumboni, hata mapacha wa Bonnie.