Ubaridi wa Daraja la Kwanza

Siku hizo ubaridi ulikuwa haki ya nyumba za daraja la kwanza tu. Kwa mtu wa kawaida, kuwa na ukuta wa baridi lilikuwa kosa. Nakijwa alifanya kazi kiwandani, mjini Same, akichanganya resini na asidi mpaka povu liumuke kama maandazi, likauke, likatwe vibao vya kuzuia joto. Mama yake alipougua moyo, aliokota vipande jalalani mwa kiwanda, akavibandika chumbani kwa mgonjwa. Mama akaanza kupata usingizi.

Mkaguzi wa nyumba alipokuja aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo, jasho likimkauka usoni.

"Vitoke vyote," akasema.

"Bwana mkaguzi, nimevitengeneza mwenyewe, na kiwanda kilikwisha kuvitupa."

"Jalalani ni takataka. Ukutani ni ubaridi, na daraja hilo hamna."

Watu wake wakabandua kila kipande. Nakijwa akasimama mlangoni. Ndipo mama, akihema, akamwita mkaguzi.

"Mwanangu, Mungu akubariki kwa kutomkamata binti yangu."

Nakijwa aliona heri angetukanwa.

"Amina, mama," mkaguzi akajibu kwa upole, akawafungia mlango.