Meno Matatu ya Ntumba

Daktari aliinua picha ya taya la Ntumba kwenye mwanga wa dirisha.

"Mufupa iko muzuri, mama," alisema. "Tunaweza panda byuma tatu, tuweke meno juu, utaimba tena mu kwaya. Lakini kama inapigwa tena, itangoka na mufupa yake."

"Alianguka ku bafu," alijibu haraka mume wa Ntumba, ingawa hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameketi kando yake, angali amevaa koti la mgodini.

Ntumba alipitisha ulimi kwenye pengo. Kwa miezi minne alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kitenge.

"Haitanifaa, munganga," alisema taratibu. "Mi niko narudia naye ku nyumba."

Daktari aliishusha picha, akamwomba mumewe asubiri nje.

Mumewe hakuinuka.