Onja Kwanza

Mkono wa Shaweji ulikwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi, naye hajaonja hata tonge moja.

"Baba Zuhura!" Mwanamkuu, mkewe, alilinyakua kopo akaliweka kizingitini. "Nesi alikwambia nini juu ya presha? Unataka uanguke kama jirani yetu, mdomo upinde, nikulishe uji kwa kijiko?"

"Sikukusudia, mke wangu. Mkono huu mkaidi."

Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akatafuna polepole. Mwanamkuu alibana pumzi. Wiki mbili nzima mumewe alikuwa akila matonge mawili na kusukuma sahani, eti chakula kisicho na chumvi ni cha wagonjwa.

Ghafla macho yakamtoka. "We mama! Leo umetia nini humu?"

"Ndimu, tangawizi na nazi. Vilevile kama siku zote."

"Nazi! Naisikia nazi! Miaka yote hii ilikuwa wapi?"

"Si ulikuwa unaizika kwa chumvi, bwana wee!"

Wakacheka mpaka machozi. Shaweji akapiga tonge la pili, la tatu, akalamba vidole. Mwanamkuu akageuka amwite binti yao aje aone maajabu.

Zuhura, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameketi kizingitini na kipande cha embe bichi ambacho hajakiuma. Kopo liko wazi. Vidole vyake vitatu vimebana chumvi juu ya embe, sawasawa na vya baba yake.

"Onja kwanza, mwanangu," Shaweji akasema.

Mtoto akamtazama. Vidole vilikuwa bado hewani.