Kipimo cha Tatu

Fundi kuitwa mara nne asije, hilo bibi alilizoea. Fundi kuja bila kuitwa, saa tatu asubuhi, tena akiomba radhi mlangoni, hilo lilimtia wasiwasi.

"Mashine yangu haina tatizo, mwanangu," alimwambia. "Tangu uitengeneze inakausha nguo vizuri kabisa."

"Najua, mama. Nataka kukipima tu kile kihisi joto nilichokuwekea. Ni bure."

Bibi alimtazama vizuri. Shati lilimpwaya mabegani kama la kuazima. Mkono wa kushoto ulikuwa na bandeji hadi kwenye kiwiko. Ule mkoba wake mwekundu wa vifaa, ambao hakuuacha hata alipokwenda kunawa mikono, haukuwepo. Alibeba mita ya kupimia umeme na bisibisi moja kwenye mfuko wa plastiki. Labda mambo yamemwendea kombo, bibi alijisemea, akampisha apite.

Fundi huyu alikuwa amemfaa. Wiki mbili nyuma, Jumamosi jioni, mashine ilikataa kujizima ikababua mashuka ya wajukuu wake mapacha hadi yakawa rangi ya chai. Mvua haikuwa imekatika kwa siku tano, na mapacha wale, Mungu awakuze, walikuwa bado wanakojoa kitandani kama walioingia mashindano. Maduka ya vipuri yalikuwa yameshafungwa. "Usiniache hivi, mwanangu," bibi alimsihi.

Fundi alikuna kichwa, akasema ngoja kidogo, akapanda pikipiki yake kwenye mvua ile ile. Baada ya saa moja alirudi ameloa chepechepe, na kihisi kimeviringishwa kwenye kitambaa cha jikoni. Akakifunga, kile kibovu akakitia mfukoni, akaenda zake. Usiku ule bibi alimwombea dua.

Sasa fundi alipiga magoti nyuma ya mashine, akafungua kifuniko na kuchomoa kidude chenyewe, kidogo kama punje ya hindi.

"Mkeo hajambo?" bibi aliuliza. "Yule anayepokea simu zako, anacheka kwanza ndipo aseme haloo. Nilimpigia juzi nimshukuru, simu haipatikani."

"Naomba vikombe viwili, mama. Kimoja maji ya baridi, kingine ya moto."

Bibi alivileta. Fundi alimweleza taratibu, macho yake kwenye mita. Kidude kikiwa kwenye baridi, namba ipande. Kikiwa kwenye moto, namba ishuke. Isiposhuka, basi ni kibovu: mashine inadhani bado kuna baridi, inaendelea kuongeza joto tu.

Hapo bibi akaelewa kilichomleta.

"Ni kwa sababu ya ile nyumba iliyoungua ng'ambo ya reli, sivyo? Jumapili ile ya mvua. Wanasema moto ulianzia kwenye mashine kama hii. Mke wa mtu amefia ndani, mume yuko kazini."

"Ndiyo, mama. Ni kwa sababu hiyo."

"Basi huyo fundi aliyewatengenezea, Mungu anamwona."

"Anamwona," fundi alisema.

Alikitumbukiza kidude kwenye maji ya baridi, namba ikapanda. Akakihamishia kwenye ya moto, namba ikashuka bila kusita. Bibi alipiga makofi. Fundi hakutabasamu. Alikifuta kwa upindo wa shati, akaomba maji ya moto zaidi, akarudia. Namba ikashuka tena.

"Si inatosha, mwanangu?"

"Mara moja tena tu, mama. Yanayochemka."

Mara hii bibi alimshikia kikombe. Fundi aliinamia mita, midomo ikimcheza kama mtu anayesali. Namba ilishuka, ikatulia pale pale ilipotakiwa kutulia.

"Kizima," alisema. "Hakina hata dosari."

Akakirudisha mahali pake, akakaza skrubu zote bila kuacha hata moja. Kisha akaketi sakafuni, mgongo kwenye mashine, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, wala hakujificha uso.

Moyo ulimuuma bibi. Maskini, alijisemea, kumbe siku zote hizi anazunguka nyumba za watu na hofu hii kifuani. Alisogeza kapu la nguo akakaa karibu naye, akampigapiga begani kama anavyowafanyia mapacha wakiota ndoto mbaya.

"Nyamaza, baba. Umefanya kazi yako. Wajukuu zangu watalala salama kwa ajili yako, wewe hujui tu. Wangekuwa mafundi wote kama wewe, yule mke wa watu angekuwa hai."

Fundi alitikisa kichwa.

"Na hiki kidude ulikinunua wapi?" bibi aliuliza, angalau ampeleke kwenye maneno mengine. "Dada yangu naye ana mashine kama hii. Nataka nimwambie akatafute huko huko."

Fundi alijifuta uso kwa bandeji.

"Sikukinunua, mama. Nilikichomoa kwenye mashine ya nyumbani kwangu, kile kibovu chako nikakichomeka pale kishike nafasi hadi Jumatatu, na mke wangu sikumwambia. Leo nilikuja nikiomba nikikute hiki nacho ni kibovu, nijue ingeungua hata nisingekigusa."